Mwanao Akikamatwa: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Kaunta ya Polisi Hadi Kliniki ya Afya ya Akili

Simu hizi hupigwa jioni. "Mama Fulani, kijana wako kabebwa na difenda." Ukiuliza kituo gani, aliyepiga hajui. Ukiuliza kosa gani, anakwambia walikuwa wengi kijiweni, wamezolewa wote. Haipiti nusu saa nyumba imejaa washauri: mjomba anatafuta nani anamjua mkubwa wa kituo, shangazi analia, jirani anasema yeye alishaonya siku nyingi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria Dar es Salaam, na kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kitu kimoja kikijirudia. Familia inamaliza nguvu na pesa zote kumtoa mtoto ndani, na hakuna hata mmoja anayesemea hali ya akili yake. Si kwamba hawaijui. Mama anajua mtoto halali tangu baba yake azikwe, anajua anaongea peke yake, anajua bangi ilianza mwezi gani. Ila anaona aibu, au anaogopa ataharibu kesi. Mwisho wake hakimu anaamua kwa kusoma karatasi ambayo ukibadilisha jina tu inamfaa mtoto yeyote wa mjini.

Ninayoyaandika hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011 na Kenya wana yao ya mwaka 2022, kwa hiyo mlio huko msiyachukue kama yalivyo. Na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama ameota ndevu na ana mtoto wake mgongoni.

1. Mfuate usiku huohuo, na usiende mikono mitupu

Anza na kituo cha karibu, kisha kituo kikubwa cha wilaya, maana watu wakikamatwa kwenye msako mara nyingi huhamishwa. Misako ya panya road, yale magenge ya vijana wanaovamia watu, ndiyo mbaya zaidi kwa hili: kijana anakamatwa Mbagala, anaandikishwa kwingine kabisa.

Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kitambulisho chako, chakula, sweta, na dawa kama anatumia. Narudia hapo kwenye dawa. Mtoto wa kifafa akikosa vidonge vyake usiku mmoja anaweza kuanguka kwenye sakafu ya sementi, na wenzake wakadhani ana mapepo.

Kaunta usiingie na makelele, hata kama una haki. "Habari za kazi, afande. Namtafuta mwanangu, ana miaka 15, hiki hapa cheti chake. Naomba kujua anatuhumiwa nini na mpelelezi wake ni nani." Andika jina la mpelelezi, namba yake ya simu na namba ya jalada. Uliza pia kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto. Wengi wanadhani dawati lile ni la waliobakwa na waliopigwa tu, lakini askari wa pale wamezoea kuongea na watoto, na mara nyingi watakuelewa haraka kuliko kaunta.

2. Umri kwanza, mengine baadaye

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibika kimyakimya. Askari anamwangalia kijana mrefu mwenye sauti nzito, anamuuliza umri. Kijana anaogopa, au anajikweza mbele ya wenzake, anasema 18. Inaandikwa 18. Kuanzia hapo analala na watu wazima, anapelekwa mahakama ya watu wazima, na akikosa dhamana anakwenda gereza la watu wazima. Tarakimu mbili tu.

Hakikisha umri sahihi umeandikwa kituoni kabla hati ya mashtaka haijaandaliwa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndicho chenye nguvu. Kama hakipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule vinasaidia. Vyote vikikosekana na umri ukabishaniwa, mweleze hakimu siku ya kwanza kabisa. Mahakama ina wajibu wa kuuchunguza umri kabla ya kuendelea, na inaweza kuomba ushahidi wa daktari.

Kuna mipaka mingine ya umri. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa kosa la jinai, basi. Aliyetimiza 10 lakini hajafika 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati wa tukio alikuwa na uwezo wa kujua kuwa analofanya ni kosa. Wakenya wamepandisha mpaka wao hadi miaka 12 kwa sheria yao ya 2022. Sisi bado tuko kwenye 10, na kwa maoni yangu ni chini mno.

3. Maelezo na dhamana

Mtoto asitoe maelezo ya onyo, yale polisi wanayomwandikia mtuhumiwa, peke yake. Omba uwepo wewe, au mlezi, au afisa ustawi wa jamii. Mwambie mwanao kwa maneno mepesi: sema ukweli wako, usiseme usichokijua, na usitie saini karatasi ambayo hujasomewa. Kama anakuja na habari ndefu za kumfichia rafiki yake, muda wa kumkanya ni huo.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Sheria ya Mtoto inamtaka mkuu wa kituo amwachie mtoto kwa dhamana yake mwenyewe au ya mzazi pale asipoweza kufikishwa mahakamani mara moja, isipokuwa kwa sababu chache: kosa ni la kuua au lina adhabu ya kifungo kinachozidi miaka 7, au kuna haja ya kumtenga na watu wabaya, au kumwachia kutaharibu haki. Wakikataa, uliza kwa upole ni sababu ipi kati ya hizo, na uandike jibu. Kama hawamwachii, wanatakiwa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24.

Usiku atakaolala pale, dai atengwe na watu wazima. Sheria inasema hivyo. Kituo kidogo kinaweza kukujibu kwamba chumba ni kimoja, na ni kweli ni kimoja. Hapo omba akae kaunta, kwenye benchi. Nimeona wakikubali mara nyingi kuliko wanavyokataa.

4. Mwangalie macho yake

Ukipewa dakika tano za kumwona usizimalize kwa kufoka. Mpe chai, mwache anywe, mtazame. Anatetemeka? Anajua leo ni siku gani? Anajibu swali, au anajibu kitu kingine ambacho hukumuuliza? Anasema anasikia watu wakimwita? Kama anatumia unga, yaani heroini, saa chache tu baadaye arosto itamkamata: jasho, kutapika, maumivu ya viungo. Askari asiyejua atadhani ni malaria au usanii.

Ukiona chochote katika hayo, omba apelekwe hospitali. Kama amepigwa, omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na usikubali kuambiwa utaichukua kesho. Tena useme kwa maneno ya kawaida, bila kupamba: "Afande, huyu si hali yake ya kawaida. Hajalala siku tatu na anasikia sauti. Naomba aonwe na daktari." Halafu andika saa uliyosema na uliyemwambia.

5. Afisa ustawi wa jamii: usimjibu "vizuri tu"

Nitakaa hapa, maana hapa ndipo pana mlango.

Kesi ya mtoto haiendi bila afisa ustawi wa jamii. Anahudhuria mahakamani, na ndiye anayeandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu anaisoma kabla ya kuamua la kumfanya mtoto. Taarifa hiyo inaeleza nyumbani kwenu kukoje, shule, afya, tabia, nini kilimsukuma, na inatoa mapendekezo. Kama afya ya akili ya mwanao haimo humo, kwa hakimu ni kama haipo.

Mama mmoja wa Mbagala alikaa mbele ya afisa nikiwa pembeni. Mwanawe wa miaka 16 alikamatwa kwa kuvunja duka usiku. Afisa alikuwa dada mdogo mwenye mafaili mpaka kidevuni.

"Mama, mtoto nyumbani anaishije?"

"Vizuri tu."

"Ana tatizo lolote la kiafya?"

"Hapana, mzima kabisa."

"Shule?"

"Anasoma."

Kalamu ikaandika: malezi mazuri, afya njema, mwanafunzi. Dakika nne. Tulipotoka nje, chini ya mwarobaini, nikamuuliza yule mama kwa nini mwanawe alikuwa anatembea usiku. Akanyamaza. Kisha akaniambia baba wa mtoto alifia mikononi mwa huyohuyo kijana, kwenye bajaji, wakiwa njiani kwenda hospitali. Tangu hapo hajawahi kulala kitandani. Anakaa nje mpaka alfajiri, shule aliacha mwezi uliofuata, na hao aliovunja nao duka ndio watu pekee walio macho saa nane ya usiku.

Nikamwambia, mama, rudi ndani ukayaseme hayo. Akasema, "Watasema mwanangu kichaa."

Tulirudi. Taarifa iliandikwa upya.

Kwa hiyo kabla hujaenda, chukua karatasi moja ya daftari. Upande mmoja andika mambo kwa tarehe au hata kwa msimu: lini alianza kutolala, lini aliacha shule, msiba gani ulitokea, kama alipigwa, kama alifanyiwa ukatili na ndugu (ndiyo, hata hilo, na hasa hilo), kama alianguka akiwa mdogo akaumia kichwa, kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Upande wa pili andika unachoomba: arudi nyumbani chini ya uangalizi, aende kliniki ya akili, arudishwe shule au apelekwe fundi. Afisa aliyezidiwa na kazi anamshukuru sana mzazi aliyekuja na karatasi.

Uliza pia kama wilaya yako ina mpango wa marekebisho ya tabia katika jamii, ule ambao mtoto anakaa kwao huku akihudhuria vikao na kufuatiliwa. Temeke na Mbeya ndiko ulikoanzia majaribio. Mahali pengine haupo, lakini afisa mzuri anaweza kupanga kitu kinachofanana nao kwa kushirikiana na serikali ya mtaa.

Ukiwa huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure, mawakili na wasaidizi kama mimi. Waulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

6. Mahakamani

Mahakama ya Watoto inayojulikana zaidi ni ya Kisutu, Dar es Salaam. Mahali pengi kwingine chumba cha mahakama ya kawaida hutumika kama mahakama ya watoto siku hiyo, chini ya hakimu mkazi. Shauri husikilizwa faragha, wasiohusika wanatolewa nje, na mashtaka yanatakiwa yaelezwe kwa lugha anayoielewa mtoto. Mwanao ana haki ya kusema na kusikilizwa, na wewe una nafasi yako pale. Ukikaa kimya kama mgeni, umejinyima mwenyewe.

Kama dhamana imekataliwa, mtoto anatakiwa apelekwe mahabusu ya watoto, si gerezani. Zipo Upanga jijini Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga, Mbeya. Mikoa mingi haina, na huko ndiko watoto wanakoishia magereza. Kama uko kwenye mkoa wa aina hiyo, omba mahakama imkabidhi mtoto kwa mtu anayefaa, na uende na mtu huyo mkononi: babu, mwalimu, imamu, mchungaji, yeyote mwenye nyumba na heshima ambaye yuko tayari kusimama mbele ya hakimu.

Akipatikana na hatia, sheria inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumwamuru mzazi alipe faini au fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho, nayo iko Irambo, Mbeya. Kwa familia ya Mtwara, Irambo ni mbali kiasi kwamba kumtembelea mara moja ni nauli ya mwezi mzima. Mwambie hakimu hivyo. Na kama mtoto anahitaji kliniki, omba hilo liwe sharti ndani ya amri yenyewe, limeandikwa, kwa sababu amri iliyoandikwa ndiyo itakayokusaidia mtoto akigoma kwenda.

Jambo moja la kuonya. Sheria ina nafasi ya kujitetea kwamba mtu hakuwa na akili timamu alipotenda kosa, na mahakama inaweza kuagiza uchunguzi wa daktari wa akili. Hiyo si njia ya mkato. Ni njia ndefu, inahitaji wakili, na mtu anaweza kukaa akisubiri kuliko ambavyo kosa lenyewe lingemgharimu. Usimfundishe mtoto kujifanya mgonjwa. Madaktari wa Mirembe, hospitali ya akili, wameona waigizaji wengi kuliko uliowaona wewe kwenye tamthilia.

7. Kliniki

Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14. Huo ni umri wa darasa la saba na kidato cha kwanza, umri ambao sisi tunasema "amekuwa jeuri siku hizi".

Anza na hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uliza siku ya kliniki ya afya ya akili, maana mahali pengi ni siku moja au mbili kwa wiki. Akihitaji zaidi, atapewa rufaa: Muhimbili, Bugando, au Mirembe kule Dodoma, hospitali iliyopo tangu 1927 na ambayo jina lake bado linatumika mtaani kama tusi. Ndiyo maana mama anakwambia yuko tayari kuuza kiwanja alipe mganga, lakini Mirembe hapana.

Kuhusu mganga, shehe na mchungaji: sigombani na dua wala maombi, na familia isiyo na imani sijaiona. Ninachokataa ni minyororo, fimbo za kutoa pepo, na kuambiwa aache vidonge. Dua ifanyike, na vidonge vimezwe.

Kwa daktari, peleka ile karatasi yako ya daftari. Mwache mtoto aonane naye peke yake kwa muda, hata kama roho inakuuma. Kama ni unga, kuna kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Muhimbili, Mwananyamala na Temeke, na namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Kwa ukatili au shida yoyote ya mtoto, piga 116, nayo ni bure.

Na akisema anataka kufa, au amejaribu, nenda hospitali sasa hivi, usisubiri siku ya kliniki. Najua kinachowafanya watu wasite: Kanuni ya Adhabu yetu bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya, Mahakama Kuu yao iliona Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi hatujafika huko. Lakini mbele ya daktari wewe umeleta mgonjwa. Kumficha chumbani kwa kuogopa polisi ndiko kunakoua. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo jipya, kunampa mtu wa kumwambia. Usimwache peke yake, na ondoa chumbani chochote anachoweza kujidhuru nacho.

8. Wiki za mwanzo nyumbani

Mtaa utampa jina jipya kabla hajafika mlangoni. Wajukuu wa jirani wataambiwa wasicheze naye. Huwezi kuuzuia mtaa wote, lakini unaweza kwenda kwa mjumbe na majirani wawili watatu, mapema, ukawaambia: kesi ina amri ya mahakama, mtoto yuko chini ya uangalizi, akikosea nitafuteni mimi kwanza. Watu wakipewa kazi ya kufanya, umbea hupungua kidogo.

Nyumbani usimsimamishe kila siku kwenye kikao cha ukoo. Mwanzoni atalala mchana na kukesha usiku. Rudisha usingizi polepole, kwa kumwamsha saa ileile kila asubuhi na kumpa kazi ya mikono, hata kuchota maji tu. Shuleni nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu wa malezi, usitume barua. Mkuu wa shule akisita kumpokea, mwombe afisa ustawi aende nawe.

Yule kijana wa Mbagala alipewa uangalizi na kliniki. Mama yake alihamisha godoro likawa sebuleni, karibu na lake, kwa sababu chumbani alikuwa hawezi kulala, na mjomba aliposema ni kumdekeza mtoto wa kiume, alijibiwa alale yeye huko chumbani. Miezi miwili hivi. Akaanza kazi gereji, akakosa tarehe moja ya kliniki, akarudi nyuma, akaanza tena.

Karatasi zote weka kwenye faili moja la plastiki: cheti cha kuzaliwa, nakala ya amri ya mahakama (iombe siku hiyohiyo, baadaye utazungushwa), kadi ya kliniki ya akili yenye tarehe ya kurudi, namba ya afisa ustawi na ya mpelelezi. Piga picha kila moja kwa simu. Difenda likipita tena kijiweni, na litapita, utahitaji kulitoa faili hilo usiku bila kuwasha taa.